Muhtasari Usomwe Kwanza: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Serikali ya Kijiji na Mtaa

Barua za safari hii karibu zote zimetoka pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani. Tumezifupisha na kuondoa majina ya watu na vijiji. Nyingi zinazunguka jambo moja: uamuzi wa kijiji unafanywa wapi, na karatasi yake anakaa nayo nani.

Shikamoo mhariri. Kijijini kwetu, wilaya ya Pangani, mkutano mkuu haujakaa tangu mwaka jana. Tukiuliza tunaambiwa watu hawaji, akidi haitimii. Sisi ni wavuvi, na wake zetu wanalima mwani. Tufanyeje?

Marahaba ndugu yetu. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, juu ya mwenyekiti na halmashauri yake. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na mkutano wa kawaida unapaswa kukaa walau mara moja kila miezi 3. Kwa hiyo tangu mwaka jana mmeshadhulumiwa taarifa kadhaa za mapato na matumizi, maana taarifa hizo husomwa hapo na si pengine.

Andikeni barua fupi. Iende kwa mwenyekiti kupitia kwa ofisa mtendaji wa kijiji, kwa sababu mtendaji ndiye katibu wa mkutano mkuu na wa halmashauri ya kijiji. Nakala iende kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Semeni mambo matatu tu: mkutano wa mwisho ulikaa lini, mnaomba ukae kabla ya tarehe gani, na ajenda mnazotaka ziwemo. Chini yake kila mtu aandike jina, kitongoji, tarehe na saini. Chapeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Hapo ndipo watu wengi huteleza: wanaacha barua mezani, wanaondoka mikono mitupu, na baada ya mwezi wanaambiwa haikufika. Ikiwa muhuri haupo, mpokeaji aandike jina lake, tarehe na saini kwenye nakala yenu.

Pakipita wiki mbili bila jibu, barua ya pili iende kwa mtendaji wa kata, mkiambatisha ile ya kwanza. Baada yake ni kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri ya wilaya, kwa sababu mtendaji wa kijiji ni mtumishi wa halmashauri na mkurugenzi ndiye mwajiri wake. Msiruke ngazi. Barua inayoanzia kwa mkuu wa wilaya kwa kawaida hurudishwa chini, na mnakuwa mmepoteza mwezi mwingine.

Sasa hilo la watu kutokuja. Tunaamini ni kweli kwamba hawaji, ila sababu yake mara nyingi iko kwenye tarehe na saa iliyopangwa. Vijiji vingi vya pwani huita mkutano saa nne asubuhi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hiyo ndiyo saa wakulima wa mwani wako kwenye mistari yao wakifunga na kuvuna. Ukiita mkutano saa hiyo umewatoa wanawake nusu ya kijiji. Wavuvi wa dagaa wa taa nao hufanya kazi usiku wa giza na kulala asubuhi, lakini kwenye mbalamwezi huwa nchi kavu. Kwa kijiji chenye makundi yote mawili, pendekezeni alasiri, saa kumi baada ya sala, katika siku za maji mafu (maji yasiyojaa wala kukauka sana) zinazofuata mwezi mpevu. Epukeni Ijumaa mchana na siku ya gulio. Tangazo libandikwe kwenye ubao wa ofisi, sokoni na diko la samaki siku 7 kabla, likiwa na ajenda, kisha mbiu ipigwe jana yake na asubuhi yake. Mkutano uliotangazwa usiku mmoja kabla kwa spika ya bodaboda hauwezi kujaza, na asiyetaka ujae analijua hilo.

Mkishakaa, angalieni mpangilio. Baada ya kufungua, muhtasari wa mkutano uliopita husomwa na kuthibitishwa, kisha yatokanayo, yaani utekelezaji wa yaliyoamuliwa mkutano ule, ndipo zije taarifa na ajenda mpya. Mwisho kabisa ni mengineyo. Mtu akiruka muhtasari kwa kisingizio cha muda, simama uombe usomwe. Na jambo zito kama ardhi, mkopo au mchango likiletwa kwenye mengineyo, ombeni liahirishwe hadi mkutano ujao liwe ajenda yenye tangazo lake. Saa hiyo nusu ya watu wameshaondoka, na jua limezama.

Tuko Mkinga. Mwaka jana tulisaini karatasi ya mahudhurio kwenye mkutano wa kuzungumzia maji. Sasa amekuja mtu na muhtasari unaosema tulikubali kumpa ekari za ufukweni, na saini zetu zimeambatishwa nyuma. Je, tumekwisha?

Hapana, hamjakwisha, ila fanyeni haraka. Mbinu hii tunaijua na imeumiza vijiji vingi: karatasi ya mahudhurio inakuwa na mistari na majina tu, bila kichwa. Karatasi kama hiyo inaweza kubandikwa nyuma ya muhtasari wowote.

Anzeni na sheria yenyewe. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kama mdhamini wa wanakijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi au kutoa hakimiliki ya kimila kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mwenyekiti peke yake hana ardhi ya kumpa mtu, na barua yake yenye muhuri haigeuki kuwa hati. Kwa hiyo swali la msingi ni kama mkutano mkuu uliridhia kweli, na hilo linaonekana kwenye kumbukumbu za siku hiyo.

Ombeni kwa maandishi nakala ya tangazo la mkutano ule lenye ajenda, nakala ya muhtasari kutoka kwenye daftari la mihtasari la kijiji, karatasi ya mahudhurio, na muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichotangulia, kwa sababu maombi ya ardhi hupita huko kwanza. Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Namba 6 ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Halafu linganisheni. Je, ajenda ya ardhi ilikuwamo kwenye tangazo? Tarehe ya mahudhurio ni ile ile ya muhtasari? Kuna majina ya watu waliokuwa safarini, au waliokwishafariki? Muhtasari wa mkutano uliofuata unasema nini kwenye yatokanayo? Uamuzi wa kutoa ekari za ufukweni usiotajwa hata kwa mstari mmoja katika mkutano uliofuata ni uamuzi wa kutiliwa shaka sana.

Pimeni pia ardhi yenyewe iko wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mikoko nayo ni msitu wa hifadhi, haimo kwenye ardhi ambayo kijiji kinaweza kumgawia mtu. Tumeona michoro ya mauziano inayoanzia majini kabisa na kumeza diko na njia ya wavuvi. Chukueni futi ya kupimia, nendeni na wazee wanaojua mipaka, mwandike mlichokuta.

Mgeni huyo akiwa si raia wa Tanzania, hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji kimila. Njia ya mwekezaji wa nje ni ardhi hiyo kuhawilishwa kwanza, yaani kutolewa kwenye ardhi ya kijiji na kuingizwa kwenye ardhi ya jumla, kisha apewe haki ya kuitumia kupitia mamlaka ya uwekezaji. Eneo lisilozidi hekta 250 (karibu ekari 618) mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa uhawilishaji. Likizidi hapo, mkutano mkuu unatoa maoni na waziri mwenye dhamana ya ardhi ndiye anayeamua. Tunasisitiza jambo moja ambalo husahaulika wakati wa ahadi za ajira na zahanati: ardhi ikishahawilishwa imetoka mikononi mwa kijiji, na mradi ukifa hairudi yenyewe.

Njia ya shauri ni hii. Mgogoro wa mtu na mtu huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao wasiopungua 3 ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini mkiishtaki halmashauri ya kijiji yenyewe, taratibu ni nyingine na zinahitaji notisi ya siku 90, kwa hiyo kabla ya kufungua chochote muoneni msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa wilayani. Huduma yake kwa asiye na uwezo ni bure. Saini za kughushi ni jinai, na hizo hupelekwa polisi. Kama mnajua fedha zilipita mkononi, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea simu bila malipo kwa namba 113.

Kuanzia mkutano ujao, kila ukurasa wa mahudhurio uandikwe juu jina la kijiji, tarehe, mahali na ajenda zote kabla mtu wa kwanza hajasaini. Mwisho wa mkutano mstari upigwe chini ya jina la mwisho, na idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Usisaini karatasi tupu hata kama anayekupa ni shemeji yako.

Nimepanga chumba Tanga mjini, kwetu ni Lushoto. Naweza kuzungumza kwenye mkutano wa mtaa, au ni wa wenye nyumba tu?

Unaweza, dada. Kinachoangaliwa ni ukazi wako na umri wa miaka 18. Kumiliki nyumba hakuhusiki. Ukiwa umehamia karibuni, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au balozi akuandike kwenye daftari la wakazi, usije ukatiliwa shaka siku ya mkutano. Na kwa kuwa uko mjini, fahamu tofauti hii: kijiji kilichosajiliwa, kupitia halmashauri yake, kinaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa, na kutunga sheria ndogo. Mtaa hauna mamlaka hayo. Mtaa unajadili, unapendekeza na kusimamia, lakini sheria ndogo za mjini zinatungwa na baraza la madiwani. Kwa hiyo hoja nzito ya mtaa ifikisheni kwa diwani kwenye kamati ya maendeleo ya kata.

Mwenyekiti wetu anatoza shilingi 5,000 kwa barua ya utambulisho. Ni halali?

Muulize mambo mawili: ni sheria ndogo ipi inayoweka ada hiyo, na stakabadhi ya serikali iko wapi. Fedha ya umma hulipwa kwa namba ya malipo au kwa mashine ya POS, na risiti hutoka hapo hapo. Kama hakuna sheria na hakuna risiti, basi unampa yeye, hulipi serikali. Tunajua wenyeviti wanafanya kazi kubwa kwa posho ndogo au bila posho, na hilo ni tatizo la kweli linalostahili kusemwa kwenye baraza la madiwani. Ila mjane anayetafuta barua ya hospitali hapaswi kulibeba.

Kijiji chetu, Muheza, kinajenga boma la darasa. Kila kaya imetoa 10,000 na ndoo za mchanga. Saruji imekwisha, ukuta haujafika dirishani. Tunahisi kuna wizi lakini hatujui kuhesabu.

Kuhesabu kunawezekana, hata bila kuwa fundi. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali za inchi 6 kati ya 25 na 35, kutegemea uwiano wa mchanga. Chini ya 25 kuna upotevu au kuna mifuko haikufika. Zikizidi sana 35, tofali ni dhaifu na zitamomonyoka kwenye mvua ya masika. Tofali la inchi 18 kwa 9 huingia 9 hadi 10 katika mita moja ya mraba ya ukuta. Pimeni urefu wa kuta zote, zidisheni kwa kimo kilichofikiwa, toeni nafasi za milango na madirisha, kisha zidisheni kwa 10. Mkipata mita za mraba 60, ukuta umekula tofali kama 600, yaani mifuko ya kufyatulia kati ya 17 na 24. Saruji ya msingi, ya kujengea na ya jamvi (sakafu ya zege) ni mbali, na hiyo muulizeni mhandisi wa halmashauri. Ongezeni tofali zilizovunjika, ambazo zinapaswa kuonekana kwenye rundo. Linganisheni na daftari la stoo.

Kama hakuna daftari la stoo, basi hapo ndipo tatizo lilipo, kabla hata ya kumtaja mtu. Ujenzi unaotumia fundi wa kawaida badala ya mkandarasi huwa na kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Anayenunua asiwe anayepokea. Mapokezi wanahesabu mifuko gari likiwa bado lipo, wanasaini, na mtunza stoo anaandika kila mfuko unaotoka, tarehe na jina la fundi. Kijiji kikiwapa watu walewale watatu kamati zote, kimejipofusha chenyewe.

Kuhusu mchango, ulipaswa kupitishwa na mkutano mkuu, ukiwa na makisio ya gharama mezani, na kila kaya ipewe stakabadhi. Fedha ziingie akaunti ya kijiji au ya shule, zisikae mfukoni mwa mtu. Jumla ya stakabadhi ikilinganishwa na taarifa ya benki ndiyo hesabu ya kwanza ya kuomba.

Na mchanga. Mmeandika ndoo za mchanga bila kusema umetoka wapi. Kama ni wa ufukweni, simamisheni leo. Chumvi yake inakula nondo kwa kutu, nondo ikivimba zege linapasuka, na ukuta unatoa unga mweupe na kunyonya unyevu kila msimu. Kuchimba mchanga ufukweni pia kunaleta bahari karibu na minazi yenu. Tumieni wa mto au wa shimo.

Ng'ombe wa jirani aliingia shambani kwangu, mgambo akamtoza 100,000. Jirani anadai hakuna sheria. Nani ana haki?

Wewe una haki ya fidia ya mihogo yako. Faini ni jambo lingine. Kijiji kinaweza kutoza faini kwa sheria ndogo iliyopitia hatua zote: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unaijadili na kuipitisha, halmashauri ya wilaya inaithibitisha. Vijiji vingi huishia hatua ya pili. Wanapitisha kwa makofi, muhtasari unalala kabatini, na wanaanza kutoza kesho yake. Sheria isiyothibitishwa wilayani haina nguvu, na faini yake inaweza kudaiwa irudishwe. Muombe mtendaji nakala yenye uthibitisho wa wilaya. Ikiwepo, kiwango kiwe kile kilichoandikwa humo, na risiti itolewe. Isipokuwepo, fidia yako ithaminiwe na ofisa kilimo wa kata, naye aandike idadi ya mashina yaliyoharibiwa siku hiyo hiyo, kabla hayajang'olewa.

Tunataka zahanati iwekwe kwenye bajeti. Tulipeleka ombi mwezi wa tano tukaambiwa tumechelewa. Tupeleke lini?

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na mwezi wa tano bajeti iko bungeni tayari. Vipaumbele vya kijiji vinapaswa kuibuliwa kuanzia Oktoba hivi, vipite halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, viende kamati ya maendeleo ya kata, na vifike wilayani kabla ya Januari au mwanzoni mwake, madiwani wanapojadili. Kwa hiyo ule mkutano mkuu wa robo ya Oktoba hadi Desemba ndio wenu. Peleka ombi lenye idadi ya kaya, umbali hadi zahanati ya karibu, eneo lililotengwa pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu uliolitenga, na mchango ambao wananchi wameshaufanya. Ombi lisilo na eneo huwekwa kando, kwa sababu hakuna mhandisi anayeweza kukisia jengo lisilo na kiwanja. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi. Wawili au watatu wenu waende siku bajeti inaposomwa, wakae, wasikilize kama jina la kijiji limetajwa, na wakirudi wawaeleze wenzao kwenye mkutano unaofuata, chini ya yatokanayo.